Mkono wa Kushoto wa Mpiga Chapa

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Upepo wa leo! Vumbi mpaka kwenye meno. Taipureta yangu imekwama tena. Herufi za upande wa kushoto zimepandana, za kulia nzima kabisa. Priska, mwenzangu wa chumba cha kuchapa pale hospitali, akauliza mbona mashine hii inaugua upande mmoja tu, na mbona imeanza kuugua tangu tuletewe fundi mpya. Nikamwambia ni vumbi. Akasema vumbi la ajabu hilo, linachagua mkono.

Fundi kaja mchana. Jamaldini wa Kondoa. Mgane, mtaratibu, sweta la mtumba lenye jina la timu asiyoijua. Kanyoosha herufi, kanywa chai. Kapewa kikombe chenye maua, sijui na nani. (Basi, mimi. Kilikuwa karibu!)

Alhamisi, 5 Agosti

Nimechapa mhadhara wa Dk. Ulimboka, atakaowapa wauguzi. Ni habari za ubongo. Kumbe una pande mbili, na katikati daraja la nyuzinyuzi! Upande wa kushoto unaendesha mkono wa kulia, upande wa kulia unaendesha mkono wa kushoto. Na maneno, kwa wengi wetu, yanatoka upande wa kushoto.

Sasa huko ng'ambo kuna wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa lile daraja, kifafa kisivuke upande wa pili. Wakapata nafuu. Lakini — upande ule usiosema ukionyeshwa picha ya kijiko, mgonjwa anasema hajaona kitu. Huku mkono wa kushoto unapapasa chini ya meza na kutoa kijiko! Akiulizwa mbona kijiko, mdomo hausemi sijui. Unatunga sababu. Papo hapo, bila haya.

Priska alikuwa anasoma begani kwangu. Alikitazama kikombe chenye maua, akacheka peke yake mpaka saa ya kutoka.

Halafu kitu kingine. Vidole vyangu vinajua herufi zote zilipo. Priska kaniuliza M iko wapi, nimwambie kwa mdomo tu. Nimeshindwa! Miaka kumi na minane kazini. Ikabidi nichape hewani kwanza.

Ijumaa, 6 Agosti

Posa! Mimi! Na miaka yangu arobaini na kitu!

Baba mdogo Shaibu kaja baada ya swala na mshenga wa Jamaldini. Wakakaa sebuleni. Baba mdogo akaniuliza nasemaje. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Ndivyo nilivyofanya marehemu mume wangu aliponiposa, nikiwa na miaka kumi na saba, na mashangazi wakapiga vigelegele nyumba nzima. Leo hakuna aliyepiga. Nikadhani ni kwa sababu mashangazi hawapo. Nikazidi kuinama. Wakamaliza chai, wakaaga.

Nimelala chali kitandani natazama dari na kucheka. Nimekwisha jibu.

Jumatatu, 9 Agosti

Sikujibu!

Baba mdogo kapita ofisini kunipa pole ya uamuzi wangu. Uamuzi gani? Akanishangaa. Kimya ni idhini kwa msichana ambaye hajawahi kuolewa. Mjane sharti atamke, kila mtu anajua. Hata mimi nilifundishwa chuo cha Kurani, nikiwa mdogo, nikalisahau kabisa. Mshenga kesharudi Kondoa na habari kwamba nimekataa kwa adabu. Baba mdogo kanisifu hasa kwa hiyo adabu.

Nikamwambia haina neno, mimi sina haja ya mume. Yaani hilo limetoka kwenye mdomo huuhuu! Nani kautuma?

Jumatano, 11 Agosti

Taipureta imekwama. Naapa sikuigusa — haya, nilirudisha mstari kwa nguvu kidogo.

Hakuja yeye. Kaja fundi mwingine, mnene, anafyonza chai kwa kelele. Nikampa kikombe cha bati. Anasema Jamaldini kaomba asipangiwe tena hospitali hii. Anasema pia mwakani maofisi yote yataleta kompyuta, na wao wa taipureta watafute kazi nyingine.

Nimelia chooni. Nampenda yule mtu. Napenda anavyoipangusa mashine kwa leso yake kabla ya kuifungua. Napenda asivyokuwa na maswali. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mimi nalala kimoja, nimechoka.

Jumanne, 17 Agosti

Nimempelekea Dk. Ulimboka stensili za mhadhara wake, za kutolea nakala. Nikamuuliza, kama utani tu, eti mtu ambaye hajapasuliwa anaweza kuwa na daraja bovu? Mkono ukafanya hivi, mdomo ukasema vile? Akavua miwani. Priska huyo, hana siri!

"Bi Mwanaharusi," kasema, "daraja lako zima. Mdomo wako unajua vizuri sana mkono unafanya nini. Unaogopa tu."

Nikamwambia nilikuwa namuulizia shangazi yangu. Akasema nimpe shangazi salamu.

Jioni nikaenda Nkuhungu kwa baba mdogo. Nilipanga maneno mazuri njia nzima. Nilipofika nikasema: waambie waje tena wanywe chai. Akanitazama sana. Kasema atawaita, ila mara hii tu. Nisipotamka, yeye hajidhalilishi tena kwa ajili yangu.

Ijumaa, 20 Agosti

Wapo sebuleni sasa hivi. Baba mdogo, mshenga, na — yeye mwenyewe! Kakaa karibu na mlango, mkoba wa bisibisi magotini, kana kwamba kaja kwa ajili ya mashine.

Baba mdogo kauliza. Mdomo ukasema: ngoja nikaangalie chai. Chai ipo mezani mbele yao! Inatoa mvuke! Mshenga kaitazama, kanitazama.

Nimejifungia chumbani. Mkono wa kulia, jirani wa mdomo, ndio unaozungusha maneno haya yote. Ngoja nijaribu huu mwingine.

N A T A K A

Herufi za chekechea. Lakini zimesomeka.

Baba mdogo anaita. "Mwanaharusi, tunangoja tukusikie." Nimeegemea mlango, naandika nimesimama. Mshenga anasema jambo kuhusu basi la Kondoa. Kiti kinaburuzwa. Ni cha karibu na mlango. Anaondoka!

Nimemwita. Kwa sauti, kwa jina lake tupu, Jamaldini, bila bwana wala fundi, baba mdogo anasikia. Kiti kimetulia. Kimya nyumba nzima, na safari hii kimya ni chao, wananingoja mimi, nami bado nimeshika kala—