Dawa Iliyomponya Eliza

Kibosho,
Moshi.
14 Septemba 2003

Mpendwa Kaka Sirili,

Shikamoo. Huko Cape Town baridi imepungua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunachuma kahawa. Mama magoti yanamsumbua, ila kanisani anafika.

Najua Baba Eliza alikupigia simu kwa haraka, acha nikueleze vizuri. Saratani ya figo aliyotibiwa Elizabeth akiwa na miaka minne haijarudi. Safari hii ni moyo. Tangu Juni, akipanda kutoka mtoni alikuwa anakaa chini mara tatu, nasi tukamwita mvivu. Kisha miguu ikavimba. Daktari alimpima, akasema moyo umetanuka na umechoka, na kilichouchosha ni ile dawa nyekundu ya saratani.

Baba Eliza akauliza, "Dawa iliyomponya?"

"Hiyo hiyo," daktari akajibu. "Bila hiyo msingekuwa naye leo."

Nilitoka pale sijui nimshukuru nani, nimlaumu nani.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema madaktari wa huko watampima waone kama anaweza kupandikizwa moyo mwingine. Daktari wetu anasema vidonge vitamsogeza mwaka, pengine miaka, hajui. Moyo mpya nao una dawa za maisha yote, na hizo zinaweza kuleta saratani nyingine. Baba Eliza anataka aende hata kesho. Mama anasema mtoto asipasuliwe tena. Mimi asubuhi nakubali, jioni nakataa.

Jumapili nilimweleza mwenyewe, maana ana miaka kumi na mitatu sasa. Akauliza huo moyo unatoka wapi. Nikamwambia. Akaendelea kumenya ndizi za mtori, kisha akasema, "Kwa hiyo tutakuwa tunasubiri mtoto wa mtu afe?"

Nikachukua kisu nikamenya naye. Baadaye akanifuata jikoni. "Nataka kuishi, mama. Lakini hilo siwezi kuliombea."

Basi waambie madaktari anakuja kupimwa. Nimekubali hilo tu, mengine nisikudanganye. Hata rozari naishika, nikifika penye kuomba nanyamaza, kwa sababu sijui niombe nini.

Wasalimie wifi Kornelia, Leodegar na watoto wengine. Mama anawabariki nyote. Mungu awatunze ugenini.

Mdogo wako anayekupenda,
Mektrida