Mateke Tulikuwa Nayo

Ulaantolgoi, 9 Machi

Kwa dada yangu mpendwa Tsermaa,

Nakuamkia kwa heshima, dada, na natumai barua hii itakukuta mzima na cherehani yako ikizunguka kama kawaida. Majira ya baridi mmeyavukaje huko mjini? Mwanao Undraa bado anakohoa kwa moshi wa makaa, au kifua kimeanza kupona? Huku kwetu baridi imelegea. Theluji ya Januari ilituulia kondoo kumi na saba na yule farasi jike wa marehemu baba, lakini waliobaki wamesimama na wameanza kuzaa. Wifi yako hajambo, ila siku hizi hasemi nami sana. Sababu yake utaiona.

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana vidole viwili vya kulia vimefungwa kwenye kijiti. Meno mawili ya mbele sina. Na sare ya polisi nimeirudisha wiki mbili zilizopita. Pengine umeshapata habari, na najua watu wa hapa wanavyotia chumvi, kwa hiyo naomba uisikie kwangu tangu mwanzo.

Unamkumbuka Gonchig, fundi wa pikipiki, anayekaa nyuma ya duka la ushirika? Alimwoa Norjmaa, yule binti mwalimu wa chekechea. Kwa miaka tisa alimpiga, na tarafa nzima ilijua. Norjmaa alikuwa akija dukani mwezi wa Julai, jua kali, amejifunga skafu mpaka machoni, na wauzaji wanamuuliza kama ana homa. Miaka yote hiyo tisa polisi wa hapa nilikuwa mimi. Nikipita mbele ya ua wao na gari la kituo, nilikuwa naongeza mwendo.

Mwaka juzi ikaja sheria mpya ya ukatili wa nyumbani. Nilipewa kijitabu nikaambiwa niwasomee watu ukumbini. Nikasoma kwamba anayempiga mtu wa nyumbani mwake atawekwa ndani mpaka siku thelathini, na kwamba jirani akisikia hana ruhusa ya kunyamaza. Gonchig akanyanyuka, akauliza kwa sauti ya unyenyekevu, "Samahani, bwana polisi, hapo sijaelewa. Farasi wangu bado naruhusiwa kumpiga, au naye ana kijitabu chake?" Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, dada. Sheria iko mkononi mwangu, nami nacheka. Norjmaa alikaa benchi la tatu. Hakucheka wala hakumtazama mumewe. Alikuwa ananitazama mimi.

Wiki tatu baadaye bibi Khandaa, yule mkunga mstaafu ambaye ua wake umepakana na wao, alipiga simu kituoni. Nikamkuta Norjmaa amechapwa kwa hatamu mpaka mgongo umechanika. Nikamchukua Gonchig. Ningekuwa muongo nikikwambia nilimchukua kwa uchungu. Kulikuwa na fomu ya kutuma mkoani siku ileile, na bibi Khandaa alikuwa amekwisha kupiga simu mkoani pia. Nilipomwingiza garini, Gonchig hakukasirika. Alistaajabu. Akaniambia, "Chuluun, umerukwa na akili? Ni mimi huyu!"

Alilala ndani siku kumi. Na nikuambie kweli, mambo yalibadilika. Wapo wanaume hapa waliokuwa wakipiga kwa sababu tu baba zao walipiga na jirani anapiga, na walipoona Gonchig ametoka amenyolewa kipara, wakaacha, tena bila kelele, kama mtu anayeacha kuvuta sigara. Dukani utani ukawa huo. Mtu akimjibu mkewe kwa ukali, wenzake wanamuuliza, "Hiyo ni ya siku ngapi?" Wanawake nao wakaanza kuinua sauti. Nilikuwa naanza kujiona mtu wa maana.

Gonchig naye alitulia miezi minne. Kisha akajifunza kupiga pasipoonekana, kwa ngumi iliyofungwa taulo, tumboni na kwenye mapaja. Nilipomuuliza Norjmaa alisema hakuna kitu, lakini alisema hivyo akiwa amesimama, kwa kuwa hakuweza kukaa. Bila jeraha na bila maneno yake, fomu ilibaki nyeupe. Nikairudisha mezani na kujiambia nimetimiza wajibu.

Tarehe kumi na tisa Februari, siku ya tatu ya Mwezi Mweupe, watu wakitembeleana kusalimia mwaka, nilikuwa kwa mjumbe wa mtaa nakunywa chai. Ilikuwa saa nne asubuhi. Bibi Khandaa akapiga simu. Alisema maneno mawili tu: "Anamuua. Njoo."

Niliingia kwenye hema lao la sufu kwa bega, mlango wake wa mbao ukang'oka. Gonchig alikuwa amekanyaga nywele za Norjmaa kwa buti ili asiinuke, na mkononi ana koleo la chuma la jikoni, anapiga. Mkono wa Norjmaa ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, mfupa umetoka nje, mweupe. Maandazi ya nyama ya sikukuu yalikuwa yamemwagika sakafuni, naye ameyalalia, na damu imeingia ndani ya mkeka wa sufu mpaka unabonyea chini ya kiatu. Aliyekuwa akipiga kelele ni Gonchig.

Nilimrukia. Koleo likanishukia mkononi, nikasikia vidole vinakatika kama vijiti vikavu. Pigo la pili likachukua meno. Tukaanguka juu ya jiko, bomba likang'oka, majivu na moto vikatumwagikia, na nywele zangu zikashika moto. Tulicheza mieleka pamoja zamani na najua anapoegemea. Nikampiga ngwala, nikamlalia mgongoni, nikampinda mikono na kumfunga pingu. Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Ndipo nikasimama na kuanza kumpiga mateke.

Nilimpiga mbavuni, nikamgeuza, nikampiga tumboni, nikampiga usoni. Alikuwa amefungwa. Mwanzoni alitukana, halafu akaomba, halafu akaacha kuomba, nami sikuacha. Sijui ilikuwa muda gani. Nilichosikia ni bibi Khandaa, amepiga magoti anamfunga Norjmaa mkono kwa mkanda wa vazi lake, akisema bila kupaza sauti, "Amefungwa huyo. Sasa unampigia nini?"

Norjmaa ametiwa vyuma mkononi, na madaktari wa mkoa wanasema ataweza kushika chaki tena. Gonchig mbavu nne zilivunjika na wengu ukapasuka. Umetolewa. Ataishi, na atashtakiwa. Na mimi pia nitashtakiwa.

Sasa sikiliza lililonichoma zaidi. Nilipotoka kuhojiwa nilipita dukani, na wanaume wote wakasimama kunipa mikono. Mmoja akanimiminia kinywaji, akasema, "Safi sana, Chuluun! Hiyo ndiyo dawa yake, siyo vijitabu." Walikuwa walewale waliocheka ukumbini. Bibi Khandaa peke yake hakunisifu. Ametoa ushahidi dhidi yangu, teke kwa teke, hakuacha hata moja. Nilikwenda kwake, si kumlaumu, nilitaka tu kujua kwa nini. Alinikaribisha chai, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuita uje na sheria. Mateke tulikuwa nayo hapa tayari."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi, dada, na ndiyo yaliyonileta kwenye karatasi hii. Kwa sababu nikiwa nampiga Gonchig, sikuwa namwona Gonchig. Nilimwona Luvsan, aliyekuwa mume wako. Na karibu na Luvsan nilimwona mtu mwingine, ambaye sijawahi kukutajia.

Utakumbuka ile siku ya Novemba, miaka kumi na miwili iliyopita, ulipokuja kituoni kwa miguu, Undraa mchanga yumo ndani ya vazi lako, na damu imegandia shingoni. Niliwasha jiko, nikakupa karatasi, ukaandika kurasa nne. Uliandika kila kitu, pamoja na yale ambayo ilikuwa aibu kumwandikia mdogo wako. Uliuliza nitaipeleka lini kwa mwendesha mashtaka wa mkoa. Nilikujibu nitaipeleka siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili nikakwambia mwendesha mashtaka amekataa, kwamba amesema hayo ni mambo ya mke na mume. Ukaitikia kwa kichwa, ukarudi kwa Luvsan. Mwezi wa tatu baada ya hapo akakupiga mpaka sikio la kushoto likafa, na mimba ikatoka.

Dada, mwendesha mashtaka hakukataa chochote. Hakuwahi kuiona. Ulipotoka tu, kabla hujafika hata kwenye lango, nilizitia kurasa zako nne ndani ya jiko. Yule mtu niliyemwona karibu na Luvsan ni mimi. Luvsan alikuwa rafiki yangu, na ndiye tuliyemtegemea kwenye mieleka ya sikukuu ya Naadam. Mkubwa wangu alikuwa amenionya nisimletee kesi za jikoni. Na nilijiambia hakuna sheria ya jambo hilo. Ilikuwapo. Kitabu kilikuwa rafuni juu ya jiko, na kilisema anayemuumiza mtu ana hatia, wala hakuna ukurasa uliomruhusu mume. Sheria ile haikumgusa Luvsan hata siku moja, kwa sababu njia yake ya kumfikia ilikuwa mimi, nami niliiziba.

Watu hapa wanabishana kama sheria inambadilisha mtu. Mimi nimeona ikiwabadilisha wengine, na nimeona mwingine akijifunza tu kutumia taulo. Kuhusu mimi, siwezi kujitetea kwayo. Ilipokuwa kuukuu niliichoma, na ilipokuwa mpya niliivaa kama sare, nikaivua mara tu nilipopata mtu aliyefungwa mikono.

Jana nilimweleza mpelelezi habari ya kurasa zako. Ni mwanamke kijana, mkali. Akaniuliza kwa nini naleta jambo ambalo muda wake wa kushtakiwa umeshapita, na ambalo hakuna anayenidai. Nikamwambia kuna mtu alileta malalamiko hapa na hajawahi kujibiwa. Huenda atakupigia simu. Mwambie yote, au kata simu, usinifikirie. Wala usiniandikie neno la kunihurumia. Ukinyamaza milele nitaelewa.

Nisalimie sana Undraa, na ukiona inafaa msomee barua hii, maana naye alikuwapo. Wifi yako anakusalimu. Yeye nimemweleza kabla yako, unisamehe kwa hilo dogo. Malalamiko yako, dada Tsermaa, yalipokelewa, na mlalamikaji alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo jibu ulilopaswa kupewa Novemba ile.

Mdogo wako,
Chuluun