Masizi Mashavuni

Kanyenye, Tabora

Dada Veronika, shikamoo.

Ucheke polepole: mimi ninayesomea virusi nimeshikwa na matumbwitumbwi! Tumetoka chuoni Kampala kuja kuchanja watu ndui, na asubuhi ya kwenda Sikonge nikaamka mashavu yamevimba kama maandazi. Wenzangu wakaondoka bila mimi, machozi yakanitoka. Mama Yusta, mwenye nyumba, akanipaka masizi ya chungu mashavuni.

"Mama, huu ugonjwa ni wa virusi. Masizi hayaviui."

"Nyamaza, unywe uji," akasema, akatia asali.

Mara akaingia mwalimu wetu, Mzungu, kuchukua mate yangu akayapime. Niliona haya! Akanitazama kwanza, akauliza, "Leo umetoka nje?"

"Na uso huu? Nitokeje?"

Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Basi dawa ya mama inafanya kazi. Hutamwambukiza mtu."

Uvimbe sasa unapungua, na leo nimeweza kutafuna muhogo wa kuchoma. Nikipona nitawafuata wenzangu. Nawakumbuka sana nyote. Mbusu mwanao mchanga wewe, maana mimi simkaribii mpaka mwalimu aniruhusu.

Mdogo wako akupendaye,
Anselmi