Karatasi ya Saba

Jumatatu, 15 Aprili 2013

Nimepata C. C! Miaka hamsini na moja, ishirini na saba kati yake chini ya ardhi nikichimba makaa, leo natetemekea herufi moja juu ya karatasi. Mgodi ulipofungwa walituambia tukasome bure chuo cha jamii. Nikaenda kujiandikisha uchomeleaji. Darasa limejaa. Nikaambulia Historia. Sasa inaninyima raha na kuiacha siwezi.

Mwalimu Prewitt (binti mdogo, ningeweza kumzaa) katoa kazi ya mwisho. Maktaba imepewa sanduku la iliyokuwa kampuni ya makaa ya Harrow Fork. Ndani mna taarifa za siri za mgomo wa 1931 — wachimbaji waliowachongea wenzao kwa kampuni. Kila mwanafunzi karatasi kumi na mbili. Unanakili, unaeleza aliyeandika ni nani ikijulikana. Tarehe 11 Mei zinabandikwa ukumbini, mji mzima uje usome.

Delphia ninayekaa naye dawati moja, mpishi mstaafu wa shule, alizishika zake kama kashika panya aliyekufa. Babu yake, Burl Hensley, ndiye aliyeuawa kwa risasi na askari wa kampuni ghalani kwake mwaka ule. Aliacha watoto watano. Kaniambia, kijana, (mimi, kijana!) acha nimpate aliyemchongea. Za mwizi ni arobaini, hata akiwa kaburini.

Tukacheka.

Jumatano, 17 Aprili

Mama hakamatiki! Mwalimu kampigia simu, anataka siku ya maonyesho azungumze. Binti wa Enos Sizemore, mgomaji wa miezi kumi. Ana miaka themanini na mitano, na gauni keshachagua. La bluu.

Kibati cha babu kimetundikwa juu ya jiko lake. Shaba, namba 214. Kila mchimbaji alikuwa na chake: unashuka, kinabaki ubaoni, unapanda, unakichukua. Jioni wakikikuta bado kinaning'inia, wanajua kuna mtu kafukiwa. Mama hukipangusa kila Jumapili kabla ya kanisa.

Jumanne, 23 Aprili

Karatasi ya saba. Penseli, mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema. *Wanakutana kesho jioni ghalani kwa Burl Hensley. Watakuwa kama ishirini.* Halafu mistari mingine imefifia, sijaisoma bado. Chini hakuna jina.

Chini kuna 214.

Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Wachongezi wengine wamejiandikia majina ya uongo, "Rafiki", "Samsoni". Mwalimu anashangaa huyu wa namba ni mpumbavu gani. Mimi sishangai. Hapa kwetu kila kitu ulikichukua kwa namba — taa, baruti, unga dukani. Wakikwambia weka alama yako, mkono unajiandikia wenyewe. Mimi nilikuwa 88. Hata kadi ya harusi ya mpwa wangu nusura niisaini 88.

Huenda si yeye. Mtu akiondoka, kibati hupewa mwingine. Ee Mungu, awe mwingine!

Alhamisi, 25 Aprili

Nimezunguka weee, mwishowe nikamuuliza Mwalimu kama daftari la vibati lipo. Lipo. Nikalifungua peke yangu. 214: Enos Sizemore, 1926 mpaka 1938. Hakuna mwingine.

Mpaka 1938! Wagomaji hawakurudishwa kazini, hata mmoja. Yeye alirudishwa. Mama husema ni kwa kuwa alikuwa fundi hodari. Na mimi na akili zangu zote sikuwahi kujiuliza.

Mwalimu kaniuliza toka mezani kwake, umempata unayemtafuta? Nikasema hapana.

Nimesema hapana. Mwanahistoria huyo!

Jumapili, 28 Aprili

Chakula kwa Mama. Maharagwe, mkate wa mahindi, vitunguu pori vya kwanza vya mwaka. Alisimama katikati ya jikoni akafanya mazoezi ya hotuba yake. "Baba yangu hakumwinamia mtu." Nikarudisha kijiko sahanini. Kaniuliza naumwa nini. Nikasingizia mgongo. Akanikandia mgongo kwa dawa ya kuchulia farasi, dakika kumi nzima, na mikono yake ile ya baridi yabisi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilifikiri kuichana. Karatasi moja tu, nani atajua?

Mwalimu amezipiga picha zote. Haya, siichani.

Alhamisi, 2 Mei

Delphia kapitia kazi yangu. Yeye ndiye hunisaidia kompyuta, bila yeye ningeshafukuzwa. "Mbona umeruka kutoka sita kwenda nane, kijana? Ya saba umeila?"

Nikasema mwandiko haueleweki.

"Nipe mimi. Miaka thelathini jikoni nimesoma miandiko ya watoto wa shule kwenye vikaratasi vya chakula."

Nikasema nimeisahau nyumbani. Ilikuwa kwenye begi, chini ya kiwiko changu. Akanihurumia, akasema uso umenishuka, akanikatia nusu ya mkate wake wa siagi ya karanga. Na nikaula! Sina haya.

Jumamosi, 4 Mei

Nimemwambia Mama.

Sikupanga. Nilikwenda kumtengenezea bomba. Akaanza tena, hakumwinamia mtu, nikaacha spana nikasema Mama, kaa chini. Nikamsomea. Ile mistari iliyofifia nimeihangaikia wiki nzima kwa lenzi, kwa hiyo nikamsomea yote. Baada ya ghala la Burl babu kaandika hivi: *Daktari hajafika kama mlivyoahidi. Mtoto wangu ana homa siku ya nne. Hafungui macho.*

Kampuni iliwazuia madaktari wasikanyage nyumba za wagomaji. Hilo tulilisoma mwezi wa pili, nilipata B. Na babu alizaa mtoto mmoja tu.

Mama akakunja kitambaa cha vyombo mara nne. Nilidhani hajasikia. Halafu akasema, soma tena hapo pa mtoto.

Nikasoma.

"Alikuja," akasema. "Daktari alikuja. Nimesimuliwa tangu nikiwa mdogo. Waliniambia ni maombi ya kanisa."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Nikaosha vyombo. Nikaviosha tena. Naogopa. Nimemwua mama yangu kwa kazi ya darasani.

Jumanne, 7 Mei

Nimekabidhi zote kumi na mbili. Kwenye ya saba nimeandika jina lake, na kwamba ni babu yangu. Mwalimu alisoma amesimama, kisha akakaa. Kasema familia ina haki ya kuomba jina lifichwe, nimjibu kufikia Alhamisi. Nikamwomba radhi kwa ile "hapana" yangu. Kaniambia ni kazi nzuri kuliko zote za darasa.

Mama kapiga simu jioni. Tangu Jumamosi hakupokea. Hakunisalimu. Kasema nimpeleke kwa Delphia kesho, kabla hayajabandikwa ukutani. Nikamwambia Mama, jina linaweza kufichwa, Mwalimu kasema. Akanijia juu! "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimepona kwa damu ya babu yake, halafu nikavae gauni nikapigiwe makofi mbele yake? Uje saa tisa."

Jumatano, 8 Mei. Ndani ya pikapu, nje kwa Delphia

Mama kasema nisishuke. Kapanda ngazi peke yake na fimbo yake. Delphia kamfungulia kwa bashasha, "Bi Oma! Karibu, karibu, kahawa iko motoni," na mimi kanipungia mkono. Alidhani tumekuja kwa habari za maonyesho.

Dakika arobaini sasa. Hakuna sauti. Ningesikia kelele ningepata nafuu.

Roscoe, mumewe, katoka. Siku zote hunitania kuhusu pikapu yangu. Leo kapita kama sipo, kaingia bandani, kakaa humo.

Delphia hatarudi kukaa kando yangu. Nani atanisaidia kompyuta — ndiyo, hilo ndilo ninalowaza, na Burl Hensley kaburini!

Mlango umefunguliwa. Ni Delphia. Macho mekundu. Kapaza sauti kutoka barazani:

"Harlis! Mama yako kaniambia, lakini nataka nisikie babu yako alivyoandika mwenyewe. Ingia unisomee. Usiruke neno."

Nimemwinulia kidole kuwa dakika moja. Na naandika, mjinga mimi, badala ya kushuka.

Nakala ya karatasi ile ninayo mfukoni. Natamani nianzie kwenye homa. Ningeanza na homa, mtoto hafungui macho, halafu ghala lije baadaye, angalau angekuwa ameshaanza kumhurumia. Lakini babu aliandika ghala kwanza.

Ananisubiri. Naanzia juu.