Malka Iko Wazi, Hawo

Hawo wangu,

Sijui hata nikuandikie anwani gani. "Hawo, penye ng'ombe"? Basi naiacha barua hii wazi. Nitampa mama anayeuza maziwa hapa Garsen, naye ampe mtu wa gari la mifugo, na huyo amsomee yeyote huko juu ya mto atakayekubali kusikiliza. Akiisoma mwingine kabla yako, na aisome. Aibu ni yangu na nimechoka kuificha.

Unaikumbuka kambi ya Minjila? Mimi nalala nayo na kuamka nayo. Mto ulikuwa umemeza mashamba yetu ya ukingoni, na ninyi ukawachukulia ndama na malisho. Tukapandishwa wote pale mwinukoni, sisi Wapokomo na ninyi Waorma, turubai kwa turubai, tukila mahindi ya msaada yenye vidudu. Wakubwa walikaa kutwa wakiyatazama maji. Sisi watoto tukajenga mji.

Barabara tulizichora kwa jivu, nyuma ya matangi ya maji. Kulikuwa na duka la makopo matupu, hospitali, ofisi ya chifu na jela ya duara la mawe. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na ukishavuka mstari wa jivu jina la kwenu unaliacha nje. Askari wa kwanza alikuwa Komora, yule mrefu wa darasa la saba. Lo, Komora! Ukipita upande usiofaa wa barabara, fimbo. Ukiiba mchanga dukani, unakaa ndani ya mawe mpaka magharibi. Siku ya tatu wezi walirudi kwao, madereva wakaenda kulala, na Komora akabaki anazunguka na fimbo yake kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Ni wewe uliyemwambia. Ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, umekaa kwenye mawe na leso yako kichwani, na kwa kile Kiswahili chako cha kuokota sokoni ukasema, "Wewe nafunga mtu mpaka nachoka. Mtu kichoka naenda kwao. Sasa wewe nabaki nalinda nani?" Tulicheka mpaka Komora mwenyewe akaitupa fimbo. Kisha ukaninyooshea kidole mimi. "Huyu Habiba nakuwa afande. Huyu naogopa kupiga mtu."

Mwizi akamchagua askari! Ilitokea wapi duniani? Na sheria ukaniwekea wewe. Adhabu ifanane na kosa. Mfungwa acheke, hata kama ni kidogo. Na kabla hujamwadhibu mtu, umwambie inaisha lini. Hiyo ya mwisho uliishika kama dini. "Adhabu hapana mwisho, hiyo si adhabu," ulisema. "Hiyo nafukuza mtu tu."

Basi tukaishi mjini kwetu. Aliyeiba sukari ya mchanga nilimpa kazi ya kuuza dukani, aisifu bidhaa kwa sauti mpaka apate wateja watatu. Daktari aliyempa kila mgonjwa dawa ileile nilimnywesha mwenyewe, na ilikuwa ukwaju mtupu, uso wake ukakunjamana mpaka wagonjwa wakapona kwa kicheko. Mwizi wa mbuzi aligeuzwa mbuzi, akawa analia "mee" kila mwenye mbuzi akimwita. Na wewe, Hawo, mwizi mkuu, ukaiba mhuri wa chifu, kile kipande cha muhogo tulichokichovya kwenye masizi, ukapiga watu mihuri hadi kwenye makalio. Nikakuhukumu uwe ofisi mpaka mwito wa alasiri. Nikakupiga mhuri kwenye paji la uso, nikakukalisha kwenye debe, na watu wakapanga foleni mbele yako. Nawe ukakaza uso, ukawaambia wote, "Ofisi nafunga, kuja kesho." Mama yangu alikuwa anapita na ndoo, akaiweka chini akacheka. Tangu maji yaje sikuwa nimemwona akicheka.

Halafu malka. Sisi watoto wa wakulima tulikuwa tumechora mji mzima bila njia ya ng'ombe. Ukashika kiuno. "Ng'ombe nakunywa wapi? Nakunywa hewa?" Ukachukua jivu ukachora njia pana kutoka malishoni, katikati ya mashamba yetu ya mchezo, hadi mtoni. Ukanifundisha kwamba malka haifungwi. Watu wagombane, wanuniane, watukanane, lakini ng'ombe apite akanywe. Ukanipa kazi ya kuilinda, nikavimba kichwa kweli, afande wa malka! Na siku maji yalipoanza kushuka ukanipandisha juu ya kichuguu ukanionyesha ya kweli, inapopita ya kwenu. Katikati ya miti miwili ya mkoma, mmoja umesimama na mmoja umeinama. Niliiona kwa macho yangu haya.

Maji yalipokauka, tukiwa bado tunalala kambini, baba alikimbilia kulima. Simtetei, lakini unajua tulivyokuwa. Hatukuwa na mbegu nyingine wala chakula kingine, na udongo mpya ulikuwa mweusi, mzuri, unakuita. Mafuriko yalikuwa yamefuta mipaka yote. Miti ya alama ilikwenda na maji, miiba ya uzio ilikwenda. Akapanda mahindi mpaka yakafika kwenye mikoma, yakapita. Nilikuwa nyuma yake nikifukia mashimo kwa mguu. Nikauona ule mkoma ulioinama, na mguu wangu ukaendelea kufukia.

Ng'ombe wa baba yako, wale wachache walioponea ule ugonjwa wa baada ya mvua, walikuja kunywa maji kwa njia waliyoizoea. Ng'ombe hajui kwamba mtu amepanda. Asubuhi moja mahindi yalikuwa yamelala chini yote.

Wazee walikaa. Mimi nilikuwa napeleka kahawa. Wewe ulisimama nyuma ya baba yako umeshika kamba ya ndama. Mzee mmoja akauliza, "Nani anakumbuka malka ilipita wapi?" Baba akasema yeye hapo anajua ni shamba. Baba yako akasema ni malka. Neno la mtu na neno la mwenzake. Ukanitazama, Hawo. Mtoto wa kike angesema nini pale? Ulinitazama tu, jinsi mtu anavyomtazama askari.

Nikatazama vikombe.

Wakaamua ng'ombe wenu wasishuke tena upande ule. Mchana nikaja mjini kwetu nimejaa hasira, na wallahi mpaka leo sijui hasira ile ilitoka wapi kama si kwenye ile aibu. Ulikuwa umeshafika, umesimama kwenye mstari wa jivu unataka kuingia. Ulikuwa tayari kucheza na mimi hata baada ya yale! Nikakuzuia kwa mkono. Nikasema mbele ya wote, "Ng'ombe wenu wamekula mahindi ya baba. Wewe huingii."

Ukadhani ni mchezo. Ukatabasamu, ukauliza, "Nakuwa nini? Nakuwa hindi?" Wenzetu wakaanza kucheka, nami nikawakaripia wakanyamaza. Ukauliza tena, polepole, "Mpaka lini, afande?"

"Mpaka niseme."

Ukakaa nje ya mstari. Ungeweza kuondoka, hakukuwa na mawe wala fimbo. Lakini wewe mwizi ulikuwa unazishika sheria kuliko mimi niliyezilinda. Ulikaa pale mpaka jivu likapeperushwa na upepo na watoto wakaitwa makwao. Nilipita karibu yako nikiondoka. Neno moja tu nililitaka, na mdomo wangu ukalikataa. Nikajiambia nitalisema kesho.

Kesho yake mlikuwa mmehama. Pale penye turubai lenu palibaki majivu na kinyesi cha ndama. Wakasema mmepandisha na mto, upande wa Chewele.

Hawo, nimekutafuta. Kila siku ya mnada nasimama penye ng'ombe mpaka wafanyabiashara wameniita kichaa. Nimetuma salamu kwa watu wa Bura, kwa dereva wa lori, kwa mwalimu wa madrasa aliyekwenda Hola. Hakuna aliyerudi na jibu. Mwezi uliopita yule mama wa maziwa akaniambia ana ndugu zake huko Chewele. Nikamshika mkono nikamuuliza habari zenu. Akasema mlikuta homa kule, ile iliyoua mifugo na watu. "Wasichana wawili walizikwa njiani," akasema. Nikamuuliza majina. Akasema hayajui, alisimuliwa tu. Akaendelea kupima maziwa.

Wasichana wawili. Tangu siku hiyo sina raha. Nikila naona wawili. Darasani mwalimu ananiuliza swali na mimi nahesabu wasichana wa ukoo wenu, nahesabu ili ubaki nje ya hesabu, kila mara naanza upya. Ee Mola, nikuombee afya au nikuombee rehema? Hata dua yangu haijui ielekee wapi.

Nilikwenda kwa baba. Nilimkuta anapalilia mahindi ya msimu mpya, nikasema bila kuzunguka, "Baba, hapa ulipopanda ni malka." Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Najua, mwanangu. Mimi si nimezaliwa hapa?"

Alijua! Na wale wazee, sidhani hawakujua. Wote tulijua, kila mmoja anamngoja mwenzake aseme. Nikamuuliza kwa nini. Akaegemea jembe akaniambia, "Mlikuwa saba nyumbani na debe halikuwa na kitu." Nikachukua panga. Nikaanza kukata mahindi kwenye mkoma uliosimama, nikaenda kuelekea mkoma ulioinama, mabua mazima yenye mahindi mabichi. Baba hakunizuia wala hakunisaidia. Alikaa chini akanitazama, na nilipoangalia nyuma nilimwona amefunika uso kwa kofia yake.

Siku tatu nilikata. Mikono yangu haishiki kalamu vizuri, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Malka iko wazi mpaka mtoni, pana kama uliyoichora wewe. Hakuna anayepita. Nyayo pale ni zangu tu, kwenda na kurudi.

Kwa hiyo nakuomba, kama uko hai, kama una masikio, njoo unihukumu. Unajua hukumu ya namna gani. Nikalishe kwenye debe niwe ofisi, watu wa Chewele wote wapange foleni. Nifanye ng'ombe, nilie mbele ya mama yako mpaka acheke. Nipe ukwaju ninywe. Ila uniambie inaisha lini, Hawo. Hii ninayoitumikia sasa hakuna aliyeniambia mwisho wake, na ulisema kweli, si adhabu.

Na kama wewe ni mmoja wa wale wawili, basi msomaji wa barua hii akusomee juu ya kaburi lako, kwa sauti, haya yaliyobaki.

Uliniuliza mpaka lini, nikakujibu mpaka niseme. Jana nilikwenda Minjila na kopo la jivu nikauchora ule mstari upya, nyuma ya pale palipokuwa na matangi. Nikasimama ndani, peke yangu, nikalisema lile neno mbele ya mbuzi wa watu. Nalisema tena hapa kwa mwandiko wangu mbaya.

Ingia, Hawo. Nimesema. Ingia.

Ni mimi, afande wako wa malka,
Habiba