Nilitema, Sikumeza

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, maana nimebanwa kotekote na kutubu situbu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Same, mume wangu Asheri alikuwa shamba la mkonge mpaka lilipofungwa, na enzi hizi za ruksa ambapo kila mwenye uwezo anafungua kiwanda, nami nikapata kazi kwenye kimoja kidogo kinachotengeneza jin kwa miwa ya Ugweno isiyoonja mbolea ya dukani na mbegu za mwangati, mti wa milimani wenye harufu kali, na kazi yangu ni kuonja, kwa sababu bibi yangu alikuwa mpika dengelua, pombe yetu ya miwa, na pua yake nimeirithi mimi, basi nanusa, nazungusha mdomoni, natema, nasema hii ipite au hii irudi jikoni, wala sijawahi kumeza hata tone kwa kuwa kanisa letu linakataza pombe na mimi ni mwanakwaya. Juzi walikuja wageni tukaonjea uani, ndoo ya kutemea ikakosekana, nikatema kwenye shina la mti huku nikisema polepole, "Muwa umetulia, mwangati umezidi," kumbe Mzee Melkizedeki, mzee wetu wa kanisa, anapita nje ya ua, akaenda kutangaza kwamba Rahabu anatambikia mizimu! Ningemeza ningeitwa mlevi, nimetema naitwa mpagani. Kanisani wanataka Jumapili nitubu mbele ya watu au nitoke kwaya, na Asheri, ambaye nilikuwa nimemwambia nafagia ofisi, ananiambia, "Mama Irene, tubu tu yaishe." Yaishe vipi? Nitubu nini?

Rahabu, Same

Marahaba, Rahabu.

Pole mwanangu, ila kwanza nikuseme. Mjukuu mzima wa mpika dengelua unatema pombe kwenye shina la mti huku unanong'ona, ulitegemea Mpare apite afikiri nini? Kesho dai ndoo yako. Na mume unamdanganya kazi kwa nini? Leo leo mweleze Asheri kila kitu na umwombe radhi. Toba yako inaishia hapo.

Dhambi usiyoitenda usiitubu, huo ni uongo, tena kanisani! Jumapili vaa sare yako, kaa mahali pako. Wakikuita mbele, nenda, eleza kazi yako bila kupunguza neno. Kama hata kuonja ni kosa, walitaje kosa hilo, wasikusingizie mizimu. Kisha mwamkie Mzee Melkizedeki kwa heshima zake zote, umuulize waumini wakisikia: tambiko analijua vizuri hivyo, alifundishwa na nani?

Ukishauliza, usiketi. Msubiri ajibu.