Jina Langu Kwenye Simu ya Msimamizi

Shoga, uko hewani?

Msimamizi wetu alipoteza simu kwenye marundo ya vitambaa vya sare, akaniambia niipigie. Ikalia karibu na cherehani yangu. Naiokota, kwenye kioo, mahali pa jina langu, pameandikwa QUARRY 4.

"Bosi, hii ndiyo nini?"

Akacheka. "Kiingereza tu hicho. Machimbo ya mawe. Wewe si mgumu kama jiwe?"

Nikaingia chooni, nikafungua kamusi kwenye simu yangu. Maana ya kwanza kweli ni machimbo. Maana ya pili: mnyama anayewindwa. Visawe: windo, mawindo. WINDO, shoga! Mimi, mama wa watoto wawili!

Mchana akamwachia dada wa vifungo simu ileile ampigie mteja. Tukalitafuta neno QUARRY kwenye majina yake. Tuko wanne! Yeye ni wa tatu. Akasema, "Kumbe ndiyo maana kila siku ananibakiza stoo peke yangu."

Wa pili ni mpishi wa kantini. Mtu mzima yule, ana wajukuu! Kinyaa kitupu.

Tumepiga picha namba zote. Kesho asubuhi tunaingia watatu kwa mama mwenye kiwanda.

QUARRY 1 ni namba yako, shoga.

Uliacha kazi ghafla, ukaniambia mgongo unauma, nikakuamini. Sikukuuliza tena. Nisamehe. Ukiweza, njoo tuingie wote. Usipotaka, jina lako sitalitaja.